Shangazi Anashuka Jukwaani

Tarehe 30 Juni, Shangazi wetu anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kuchekesha watu katika ukumbi huu. Miaka yote hiyo hakuchelewa kazini hata mara moja, ukiacha zile mara alizochelewa, ambazo meneja ameomba tusizihesabu hadharani.

Hakuajiriwa kuchekesha. Aliajiriwa kukatisha tiketi, ila watu wakawa wanarudi kwenye foleni mara ya pili ili watukanwe vizuri zaidi. Meneja alipoona dirishani kuna kicheko kingi kuliko jukwaani, alimkabidhi kipaza sauti na dakika nane. Siku hiyo ya kwanza ukumbi ulicheka mara moja tu, pale kiti cha mstari wa pili kilipovunjika na mtu wake. Shangazi alikwenda nyumbani akalia. Wiki iliyofuata alianza kwa kuuliza kama yule bwana ameshapona, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Vichekesho vyake aliviandika kwenye madaftari ya shule, kisha akamsomea mama wa usafi kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama huyu hacheki bure. Akiendelea kupiga deki, kichekesho kilifutwa. Akisimama na kuegemea ukuta, kilibaki. Wapo wachekeshaji wetu wenye majina makubwa ambao mpaka leo hawajawahi kumsimamisha mama yule, na wanajijua. Vichekesho vyake vingi vilimhusu mumewe, fundi cherehani mpole, ambaye kila Jumapili alikaa mstari wa mbele kusikiliza anavyosemwa.

Wachekeshaji chipukizi aliwafundisha kusubiri. Kicheko, aliwaambia, ni kama chai ya moto: ukiiwahi unaungua, ukiichelewa imepoa. Kwa hiyo tulishtuka, miaka sita iliyopita, yeye mwenyewe alipoanza kuwakatiza watu kabla hawajamaliza kucheka. Alilaumu spika. Tukabadilisha spika. Akalaumu spika mpya. Mwishowe aliingia chumba cha taa, akafunga mlango, akamweleza mwandishi wa maneno haya, ambaye ndiye fundi wa taa, kwamba masikio yake yanakwisha. Aliomba iwe siri. Mtu akishakuonea huruma, alisema, hawezi kukucheka tena, na dirisha la tiketi lilikuwa limeshapata mtu mwingine.

Sisi wawili tukaweka taa ndogo ya kijani nyuma ya ukumbi. Watu wakicheka, inawaka; kicheko kikishuka, inazimwa, naye anaendelea. Siku moja fundi wa taa alicheka yeye mwenyewe mpaka akasahau kuizima. Shangazi akasimama kimya, anatabasamu, anangoja, mpaka watu wakaanza kucheka upya bila kujua wanacheka nini. Gazeti moja liliusifu ule ukimya kwa aya mbili nzima.

Jumapili iliyopita alasiri, katika onyesho lake la mwisho, aliamua kuitoa siri mwenyewe. Aliwaambia watu mia mbili kwamba hasikii. Ukumbi ukanyamaza, na ile huruma aliyoikimbia miaka sita ikaonekana kwenye kila uso. Taa ya kijani ilikuwa imezimwa. Fundi wa taa aliogopa, tuseme ukweli, kwa sababu hakuna swichi ya jambo kama hilo.

Shangazi akamgeukia mumewe. Akamwambia kama katika miaka hii sita aliwahi kumwomba msamaha, basi arudie, maana haukufika. Mzee wa watu akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue akapaza sauti, akaomba msamaha kwa makosa yote, hata yale ambayo si yake. Shangazi akaweka kiganja sikioni.

"Sauti, baba. Sauti."

Taa ya kijani haijawahi kuwaka muda mrefu kiasi kile.

Asante, Shangazi, kwa kila siku uliyotucheka usoni tukakulipia. Nenda kapumzike na fundi wako, afya iwe nawe na vicheko visikuishie. Haya tumeyachapa kwa herufi kubwa, usije ukasema hukusikia.