Mufupa Ulivunjika Siku Nilipotangazwa Muzima

Yesu apokee sifa zake, ndugu zangu! Na ninyi wa kule nyuma karibu na mulango, apokee na zenu!

Mimi ni Mama Furaha wa hapa Kibabi. Munanionaka nikiingia kanisani, navuta mguu wa kushoto. Watoto wananiigaka, nimewaona. Hawajui kama huu mguu ulikimbia mu Goma mbele ya wakubwa, na redio ikataja jina langu. Ndiyo, huu huu!

Nimeomba nafasi leo sababu ya binti yetu Esperanse. Jumapili iliyopita antreneri Janvier, mwenye kumufundisha mbio, alimuleta hapa mbele. Anakohoa, haiishi. Goti limevimba. Shampiona ya mbio iko karibu. Na mutumishi Bahati akasema afunge siku tatu bila chakula wala maji, pepo litoke, kisha aende akimbie. Ninyi wote mukasema Ameni. Mimi sikusema. Nilisikia baridi mu mifupa, maana maneno hayo nilishayasikia, mu kinywa hicho hicho. Sikusoma sana, shule niliacha nikiwa mudogo, lakini nimeandika hii karatasi pole pole, hasira isinipoteze njia.

Ndugu zangu, mbio nilizipata mu kupanda na kushuka hii milima. Siku moja Janvier alikuwa na piki yake imezama mu matope, mimi nikamupita na gunia ya viazi mugongoni, kamba kwenye paji la uso, nakimbia niwahi soko. Akapiga kelele: «Mama, wewe ulimeza injini?» Nikacheka. Akaniletea viatu. Njo vile ilianza.

Mwanzoni ilikuwa furaha, sitadanganya mbele ya Mungu. Nilishinda. Kisha bwana wangu Safari akaenda Walikale kuchimba madini, akanyamaza. Kila mwenye piki aliyetoka kule nilimuuliza. Wengine walisema wamemuona, wengine walisema kule bunduki zimelia. Nilikuwa nalala na macho wazi. Mama yake, Mama Sifa, akatoka Pinga akakuja kukaa kwangu kumungojea mutoto wake.

Sasa musikie namna nilivyoishi. Asubuhi, kabla jua, mulima. Nikirudi, jembe. Kutoka shamba, muzigo. Mchana Janvier ananipeleka mu barabara ya Shasha, kule chini ni tambarare, ananifuata na piki: «Ongeza! Mbuzi ya mama yangu inakupita!» Jioni, kuni na chungu. Nikisema nimechoka, Janvier anasema mabingwa hawachokake. Nikisema jembe lipumzike kesho, Mama Sifa anapiga makofi: «Muone! Kukimbia bila kufukuzwa na muntu, anaweza. Kulima, hapana!» Hata wanawake mu njia walinichokoza: «Mama Furaha, bwana unamukimbilia ao unamukimbia?»

Hapa kwetu mwanamuke akisema amechoka, wanasema ni muvivu. Akisema iko mugonjwa, wanauliza: nani amemuloga? Basi nikawa mugonjwa.

Kikohozi kikakuja, kikaondoka, kikarudi. Vidonda mu kinywa. Homa. Damu ya wanawake ikapotea, na bwana haiko, ndugu zangu, musinielewe vibaya! Kisha muundi wa kushoto ukaanza kuuma, pahali padogo, pahali pa kidole kimoja. Nikigusa, naona nyota.

Mama Sifa akasema nimepita mbio mu pori la wazee bila kuwasalimia. Kwao, muwindaji akipita pahali pale anasimama, anaacha kitu, anasema jina la baba yake. Mimi nilipita na viatu vya rangi. Akanichanja chale juu ya muundi, akapaka majivu ya dawa. Nikalia. Akasema: «Lia, ni ile kitu ya ndani inasikia dawa.»

Janvier alipoona chale akakasirika, akaita muntu wa sindano. Wakanichoma, maumivu yakalala. «Mguu iko mupya, twende!» Tukaenda.

Mutumishi Bahati akasema chale zimefungua mulango. Pepo limekaa mu mufupa, linaogopa kufunga kavu tu. Nikafunga. Janvier akasema kufunga sawa, lakini mazoezi yasikose. Mama Sifa akasema maharagi hayatangoji maombi yenu. Basi nilifunga na nilikimbia na nilipalilia, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi.

Na hii njo inanichanganya mpaka leo. Wale watatu hawakupendana. Janvier alimuita Mama Sifa mushenzi. Mama Sifa alimuita Bahati mutoto wa juzi. Bahati alisema Janvier ni muntu wa dunia. Lakini juu ya mwili wangu walipatana: kila mumoja aliongeza. Hakuna aliyepunguza. Hakuna aliyeuliza mwenzake ametia nini.

Ikafika Jumapili ya shukrani. Wazee wa hapa mulikuwepo! Bahati akanisimamisha hapa hapa, akatangaza kama pepo la mufupa limetoka. Ngoma zikalia. «Ruka, dada! Shetani haina kitu tena mu huu mwili! Ruka!» Nikaruka. Mukashangilia. Akasema tena, kwa nguvu! Nikaruka tena, na niliposhuka nikasikia sauti, kama muntu amevunja muhogo mukavu. Nikaanguka.

Munakumbuka alisema nini? «Njo linatoka! Mumushike!» Na mukanishika, ndugu zangu! Wanaume wanne juu yangu, mikono mu kichwa, mu tumbo, mu mguu uliovunjika! Nilipiga kelele, mukasema ni pepo linapiga kelele. Ni mimi! Ni mimi nilikuwa nalia!

Na nani aliniokoa? Mama Sifa, mwenye chale, mwenye kunituma shambani. Aliingia kanisani na nguo za kufua mu mikono, hata kilemba hakufunga, akawasukuma: «Mumuache mutoto wangu! Hamuoni mguu umepinda? Shetani gani anapindisha mguu wa muntu mbele ya Mungu?» Njo akatafuta vijana, wakanibeba na kipoyi, kitanda cha miti, mpaka hospitali, yeye anakimbia kando, muzee yule, ananishika mukono. Nimuchukie? Nimupende? Mungu anajua, mimi sijui.

Hospitalini dokta aliangalia picha ya mufupa wakati murefu. Akaniuliza neno ambalo hakuna muntu alikuwa ameniuliza: «Mama, unapumzikaka siku gani?»

Nikacheka. Katika ile maumivu, nilicheka! Nikamuambia: «Dokta, kwetu wanaopumzika ni wafu.»

Hakucheka. Akasema: «Huu mufupa haukuvunjika leo. Ulianza kupasuka zamani, kidogo kidogo. Mbio inaupasua, usingizi na chakula vinaujenga. Wewe ulikimbia bila kulala, bila kula.»

Nikamuuliza: «Basi ni nani aliuvunja? Janvier? Mama Sifa? Bahati?» Nilitaka jina moja, ndugu zangu. Jina moja lingenipumzisha!

Akasema: «Mwili iko na gunia moja tu, Mama. Mbio mumo, jembe mumo, njaa mumo, wasiwasi wa bwana yako mumo. Haijalishi nani ametia. Ikijaa, inapasuka. Na kabla ipasuke inakuonya: kikohozi, vidonda, homa. Ulionywa.»

Wakanitia plata, ile chokaa ngumu ya kushika mufupa, mpaka juu ya goti. Wakanikataza kushuka kitandani. Na mimi nililala. Eh, nililala! Mama Sifa alilima peke yake, akaniletea bugali na sombe ya majani ya muhogo. Kikohozi kikaondoka. Vidonda vya kinywa vikakauka. Homa sikuisikia tena. Na siku moja damu ya wanawake ikarudi, nikalia kama mutoto, muuguzi akazani nina maumivu.

Sasa munisaidie, ninyi wenye kusoma. Kama lilikuwa pepo, kwa nini lilitoka nikiwa usingizini, bila muntu kupiga kelele? Na kama lilikuwa uchovu tu, ile amani niliyoamka nayo ilitoka wapi? Maana bwana wangu bado alikuwa hajulikani, na hajulikani mpaka leo. Vita haikuisha. Mguu ulipona vibaya, sikukimbia tena. Lakini asubuhi moja niliamka, nikaona Mungu hakuwa amekasirika na mimi sababu nimelala. Alikuwa ananichunga. Miaka yote nilifikiri ananipenda nikiwa mbioni. Sielewi. Nashukuru, lakini sielewi.

Janvier alikuja kuniona mara moja. Alikuja kuchukua viatu. Nalisema jina lake, sitalificha. Bahati hakukuja, alisema imani yangu ilikuwa fupi. Naye nalisema jina lake, amekaa pale na Biblia yake. Wanasema nisamehe. Nimeanza. Sijamaliza.

Antreneri, najua utatikisa kichwa. Tikisa. Mutumishi, muwekee Esperanse mikono, sikatai, nami nitaomba pamoja nawe. Lakini umuombee akiwa ameshiba na amelala. Na dokta amuone kabla ya shampiona. Kama shampiona itapita bila yeye, ipite! Itarudi. Mufupa ukienda, munaona wenyewe namna ninavyotembea.

Na wewe mwenye unanisikia, hata kama haukimbiake, una jembe, una deni la usingizi, una muntu aliyepotea mu Walikale: mwenye aliumba siku ya kupumzika hakuiumba kwa wavivu. Mutegemee mpaka uweze kulala. Kulala pia ni kumuamini.

Esperanse, mutoto wangu, simama. Usiogope macho yao. Kuja twende kwangu, kuna kitanda, na maharagi iko mu moto. Utakula, utalala mpaka uamke mwenyewe, hakuna muntu atakupigia mulango. Mimi nitakaa nje.

Na ninyi wenye munasema Ameni, musogeze miguu, mumupishe apite.