Mpaka Deni Liishe

Benchi lenyewe liko nje ya duka la Kinyozi, pale barabara ya lami inapokutana na ya vumbi, na mguu wake mmoja umekalia tofali tangu enzi hizo. Jioni kazi zikipungua, wenyewe hukusanyika. Kinyozi husikiliza akiwa mlangoni, taulo begani, na mara nyingi mteja humsubiri kichwa kimenyolewa nusu. Hakimu hajawahi kumhukumu hata kuku. Alikuwa mlinzi wa lango la mahakama mpaka akastaafu, na sheria zote anazozijua alizisikia kupitia dirishani. Redio anauza chaja na vifuniko vya simu, na jina hilo alipewa kwa sababu hazimiki. Wa nne ni Brashi, fundi rangi, mtu wa maneno machache, suruali yake ina rangi ya kila nyumba aliyowahi kuipaka mtaani. Kahawa inatoka kwenye birika la mama mmoja jirani, na mwenye zamu ya kuileta ndiye anayelipa.

Jioni hiyo zamu haikuwa ya Brashi, lakini wote walitegemea alipe yeye. Mwezi huo alikuwa amemaliza mkopo wa nyumba, miaka saba kabla ya wakati, na benchi zima lilijiona limemaliza naye. Si hapa alipofundishwa? Hakimu ndiye aliyemwambia kwamba akiongeza chochote juu ya marejesho ya mwezi, hata kiwe kidogo kiasi gani, amwambie karani waziwazi kuwa ile ziada ipunguze deni lenyewe, isije ikahesabiwa malipo ya mwezi ujao. Riba inakula kile kilichobaki, alisema, kwa hiyo ipunguzie chakula. Ajabu ni kwamba hiyo aliisikia vizuri. Brashi alienda kuuliza benki, wakamwambia ni kweli.

Basi akaongeza kila mwezi. Alipaka mageti ya watu asubuhi na mapema kabla ya kwenda kwenye kazi zake za kawaida. Aliuza pikipiki, akawa anatembea na ngazi begani. Anaishi peke yake tangu waachane na mkewe, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza kwa nini hali nyama. Na kile chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama uani, ambacho tangu siku ya kwanza alikuwa amekitenga kwa ajili ya mama yake, alikipangisha kwa mwalimu mmoja kijana, kodi yote ikawa inakwenda benki. Mama alikuwa akikaa kwa dada yake Brashi, ng'ambo ya mji. Kila alipouliza lini ataletwa akaone hiyo nyumba, Brashi alijibu kwa upole kabisa kwamba asubiri kidogo, mpaka deni liishe.

Neno hilo nalo lilitoka kwenye benchi. Siku moja, zamani, Hakimu alitamka kwamba nyumba yenye deni ni ya benki, na mtu mwenye akili zake hamwingizi mama yake kwenye nyumba ya watu. Siku wakija kukutoa, utamtoa mama na godoro lake majirani wakiangalia? Redio aliunga mkono. Kinyozi alizima mashine ili aunge mkono vizuri. Tangu hapo ikawa sheria, na Brashi akaishika kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mama.

Sasa alikuwa amekaa na kikombe mkononi, kahawa inapoa. Wakamtania kwamba mwenye nyumba kamili siku hizi hasalimii. Redio akauliza mama anaendeleaje kwenye chumba chake kipya.

– Amekataa, Brashi akasema.

Wakadhani hawakusikia vizuri. Ikabidi awaeleze, naye si mtu wa kueleza. Mwalimu alihama vizuri tu. Brashi alikipaka kile chumba kijani cha majani machanga, rangi ambayo mama yake aliipenda tangu Brashi akiwa bado anajifunza kazi. Jumamosi akamleta. Kitu ambacho benchi lilikijua lakini halikukifikiria sana ni kwamba macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu miaka mitatu iliyopita, kisha yakapofuka kabisa. Brashi alimzungusha chumbani, mkono wake juu ya mkono wa mama, ukutani, dirishani, kitandani. Mama akapapasa ukuta akauliza umepakwa rangi gani. Akaambiwa. Akasema ni nzuri, na Brashi alijua kabisa kwamba anasema hivyo ili amfurahishe. Siku hiyo mama aligonga mguu kwenye kitanda, akaukosa mlango mara mbili, akaomba radhi kwa mwanawe kila mara kana kwamba amevunja kitu. Kesho yake akaomba arudishwe.

– Akasema nini hasa? Hakimu akauliza.

– Akasema, "Mwanangu, kwa dada yako najua jiko liko wapi. Najua ngazi. Nyumba ile niliizoea nikiwa bado naona. Hii ya kwako nitaizoea kwa kitu gani?"

Benchi halikuwa na mazoea ya kunyamaza. Redio akaanza. Kwa maoni yake huyo dada ndiye mwenye mchezo. Amezoea kusaidiwa na mama kulea watoto, kampa maneno ya kusema. Brashi akatikisa kichwa. Dada yake ndiye aliyemfungia mama mizigo, huku akilia.

Kinyozi akaona tatizo ni rangi. Mtu asiyeona, pua yake huwa kali, na rangi mpya inanuka mwezi mzima, kwa hiyo asubiri harufu iishe amlete tena. Redio akasema hapana, ni benki. Wamekosa riba ya miaka saba, mnafikiri wamelala? Kuna vifaa wanaviweka ukutani tangu nyumba inajengwa, vinavuma, sisi tunaoona hatuvisikii, ila kipofu vinamkosesha raha. Hakimu akamwambia aache upuuzi, kisha akaleta wa kwake. Kisheria, alisema, mtu akikaa mahali muda mrefu bila kupingwa anahesabiwa kuwa mali isiyohamishika. Mama ameshakuwa mali isiyohamishika kwa dada. Ili kumhamisha inabidi Brashi aweke pingamizi.

– Nimpinge mama yangu?

– Si wewe. Wakili.

Brashi hakucheka, wala hakukasirika. Aliwatazama, watu anaowapenda. Alijuta. Alijutia pikipiki hata kidogo? Wala. Alijutia mwaka ule ambao mama alikuwa bado anaona vizuri, alipopiga simu akisema jirani ana gari linapita upande huo, aje walau aione nyumba kwa nje tu arudi, na yeye akamwambia asijisumbue. Alikuwa kazini siku hiyo, akipaka nyumba ya mtu mwingine, akiwahi ziada ya mwezi.

Pembeni, kwenye kigoda cha kusubiria zamu ya kunyoa, alikuwa amekaa dereva mmoja wa lori ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa amesikiliza yote kwa adabu ya mgeni. Sasa akakohoa kidogo.

– Samahani, wazee wangu. Kuna kitu sijaelewa. Kwani benki ilikataza mama asikae humo kabla deni halijaisha?

Redio akamtazama Kinyozi. Ilibidi Brashi ajibu mwenyewe, na alipokuwa akijibu ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

– Hapana. Siku ya kuomba mkopo waliniuliza nani ataishi humo. Nikasema mimi na mama yangu. Karani akasema, vizuri, karibuni.

– Sasa nani alikataza? akauliza dereva, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia.

Hakimu alikuwa anatazama mikono yake, mzee mzima, macho yamemlowa. Brashi alimwona, akamshika bega akalibonyeza kidogo, maana hakuwa na hasira naye, na hilo ndilo lililomuumiza mzee zaidi. Kisha akalipia kahawa ya wote, akainuka. Tangu Jumapili alikuwa anakwenda kwa dada yake kila jioni kukaa na mama. Kule wanakula mapema, na haipendezi mgeni kuchelewa.