Pumzi ya Mwamini na Moshi Usioonekana Nje

Mgeni rasmi, Bwana Daktari wa Usumbura, na wewe Karani Kassimu unayemtafsiria, amahoro, amani kwenu.

Sisi wanawake wakausha samaki wa Rumonge tumefurahi kukuona umeinama ukaingia. Tungeweza kukupokea ufukweni penye upepo, lakini tukaona mgeni mkubwa anastahili nyumba, na hii ndiyo nyumba yetu ya kazi. Moto tumeuwasha tangu alfajiri kwa heshima yako. Kuni ni mbichi kidogo, utusamehe. Mlango hatukuufunga. Tumeusindika tu, kama amri inavyotaka.

Risala hii ilikuwa isomwe na Mwamini binti Ramazani, mkubwa wetu. Juzi tulimjaribu. Alifika "Mgeni ra", pumzi ikamwishia. Kwa hiyo anasoma mwenzetu Sikujua, mwenye kifua kizima mpaka sasa.

TULIKOTOKA

Mama zetu walikausha samaki wa ziwa hili, migebuka, nje, juu ya chanja, na moshi ukaenda zake ziwani. Mwaka juzi bwana mmoja wa serikali alipita kwa mashua akielekea kusini. Jina lake tumelisahau kwa adabu. Alishika pua. Kesho yake ikaja amri: chanja zote ziingie ndani, na moshi usionekane nje.

Sisi ni watiifu. Tulikandika udongo kila penye ufa, tukaziba hata matundu ya panya. Panya walihama. Mwamini ndiye aliyesimamia kazi hiyo, naye ana jicho kali: hata tundu la kupitisha sindano halikumponyoka. Leo anajuta kwamba alikuwa fundi.

MAFANIKIO

Samaki wetu sasa wanatoka weusi, wanang'aa, na wanafika Bugarama bila kuharibika. Moshi unawapenda sana. Samaki, Bwana Daktari, hawapumui.

TAABU

Miezi mitatu baada ya udongo kukauka, kifua cha Mwamini kilianza kupiga filimbi. Zamani alipanda kutoka ziwani na mtungi kichwani huku akitugombeza njia nzima. Sasa anautua mara nne, mabega yamempanda, shingo imekaza, na maneno yanamtoka moja moja kama ya mtu anayekimbizwa.

Ulipopita mara ya kwanza alikuja kwako. Kassimu akatafsiri:

"Daktari anauliza, una huzuni moyoni?"

"Sina."

"Mume wako ameoa mke wa pili?"

"Wee Kassimu! Mume wangu si unamjua? Huyu mmoja tu anamshinda. Mwambie bwana wako ni moshi."

"Mama, mimi siwezi kumfundisha daktari."

"Basi mwambie... niko nakufa. Halafu... mfundishe."

Kassimu alitafsiri maneno mawili. Wewe uliandika maneno mengi. Jibu likawa: pumu, inayoletwa na huzuni katika mishipa ya fahamu ya wanawake. Dawa: asiseme sana, tena achome majani makavu ya mranaha, avute moshi wake.

Hatubishani na elimu yako. Majani yalimpa nafuu, kwa muda wa kuchemsha yai hivi. Lakini tulicheka. Mtu anaugua moshi, akaandikiwa moshi wa pili, nao akauvutia humu humu, kwa sababu amri inakataza moshi wowote usionekane nje.

TULIYOYAONA SISI WENYEWE

Tulimpeleka Mwamini kijijini Kizuka kwa dada yake, kwenye michikichi, siku kumi. Siku ya nne filimbi ikanyamaza. Siku ya sita akaanza kumgombeza dada yake, tukajua amepona. Tukamrudisha. Alipofika mlango huu filimbi ilianza kabla hajatua mzigo. Tukampeleka tena, tukamrudisha tena. Mara tatu, na mara zote tatu ikawa vilevile. Kama ni huzuni, ni huzuni ya ajabu, inayokaa Rumonge na kuogopa Kizuka. Na mume alikwenda naye.

Hapa tumeacha nafasi ili mgeni rasmi akohoe.

Pole sana. Kumbe wanaume nao wana mishipa.

OMBI

Ombi letu ni moja. Andika, kwa kalamu yako ya udaktari, kwamba chanja zirudi nje na moto uwake upande unaopeleka moshi ziwani. Karatasi ipo tayari, ameishika Bi Wema pale mlangoni, pamoja na wino. Humu mwanga ni hafifu na macho yako yanatoka machozi, kwa hiyo Bi Wema yuko radhi kuufungua mlango ili uisome vizuri. Ukishatia sahihi, risala itaendelea huko nje.

Ukitaka kufikiri kwanza, fikiri bila haraka. Zimebaki kurasa sita, na Sikujua husoma polepole.

Mwamini hakututuma haya. Yeye alisema tusikuudhi, tuombe majani mengine tu. Amekaa nje kwenye jiwe, penye upepo, akisikiliza kama tunasoma sawasawa. Akirudishiwa kazi yake nje, mwakani karibu tena, ataisoma risala mwenyewe mpaka neno la mwisho.

Mungu akufikishe Usumbura salama, akupe usingizi mnono, na kifua kipana kuliko nyumba hii. Murakoze, asante.

Ni sisi, wanawake wakausha samaki wa Rumonge, tuliomo ndani. Na Mwamini binti Ramazani, aliye nje.