Kabati Lisilofungwa na Daftari Lenye Kamba

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Kabati anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Amefanya kazi chini ya wakuu wa shule saba, na wote saba walimwagiza afunge kabati la vifaa. Aliwaitikia wote kwa heshima. Kabati halijafungwa mpaka leo, isipokuwa wiki mbili ambazo nitazieleza kwa aibu.

Alianza kama mpiga chapa wa ofisi. Taipureta ilipoharibika, aliifungua mezani akisaidiwa na wanafunzi watatu waliokuwa wameleta mahudhurio. Ikafanya kazi tena, ila skrubu nne zilibaki. Zipo hadi leo kwenye chupa iliyoandikwa "Bado tunatafuta". Mkuu wa wakati huo alimhamishia chumba cha vifaa, pengine ili akae mbali na mashine za ofisi.

Huko akaweka utaratibu wake: kabati wazi lenye sumaku, mizani, ramani, redio mbovu na, siku hizi, tableti sita. Kwenye kishikio cha mlango wake kuna daftari lililofungwa kwa kamba. Mwanafunzi anajaza safu tatu: nimechukua nini, nataka kujua nini, nimepata jibu? Basi. Msichana mmoja wa kidato cha pili alichukua bisibisi ajue kwa nini redio ya babu yake inanguruma taa ikiwashwa. Safu ya mwisho aliandika "bado" mara saba. Mara ya nane: "Ndiyo. Naomba tena bisibisi, jirani amesikia habari."

Miaka miwili iliyopita aliajiriwa mwalimu mwenye shahada nzuri na mwongozo wa kurasa sitini, alioutunga mwenyewe, wa kumfundisha mwanafunzi kujiongoza. Mwalimu huyo ni mimi. Niliombwa niboreshe chumba cha vifaa. Nikanunua kufuli. Nikachapa fomu ya Ombi la Kujifunza kwa Kujitegemea, yenye vipengele kumi na viwili na nafasi ya sahihi yangu. Wiki ya pili foleni ilifika mlango wa maktaba. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, nimejitegemea mpaka kipengele cha tisa. Cha kumi nijitegemee vipi?" Nilimwelekeza kwa kirefu.

Mama Kabati hakunisuta. Alipanga foleni, akasubiri zamu yake, akaniletea fomu iliyojazwa kwa mwandiko safi. Anaomba: kufuli. Anataka kujua: linafundisha somo gani. Nilitia sahihi, nikamkabidhi kufuli. Baadaye aliniambia, "Mwanangu, kusema tumesomea. Kunyamaza ndiko kazi." Leo kufuli liko rafu ya pili, vipande vipande, na wanafunzi hulichukua kujua linavyofanya kazi. Mwongozo wangu nao umekuwa karatasi za majaribio. Nasikia upande wake wa nyuma unafaa sana.

Kuanzia Julai mosi kabati linakuwa mikononi mwangu. Mkuu wa saba ameshanikumbusha habari ya kulifunga, lakini ninayemwogopa ni mimi mwenyewe. Nikimwona mtoto anahangaika na waya, mdomo hautulii. Juzi nilijaribu kumtazama mwanafunzi aliyeweka betri kinyume bila kusema neno. Nilijihesabia dakika kumi. Mama Kabati alikuwa na saa: zilikuwa mbili.

Jana nilijaza daftari. Nimechukua: kabati. Nataka kujua: kama nitaweza kuliacha wazi. Nimepata jibu: bado. Nikampa asome, nikangoja neno la kunitia moyo. Alisoma polepole, akanirudishia kalamu, akanyamaza.

Asante, Mama, kwa miaka yote uliyotuacha tukitafuta wenyewe. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na kengele, na nyumba yenye vitu vibovu vya kutosha.