Bosi wa Breki Kasomwa Redioni

Hapa Bangui mtu mkubwa hapewi kazi wala hafukuzwi mpaka redio iseme. Akitajwa kwa heri, mtaa mzima hufurika kwake kula na kucheza. Akitajwa kwa shari, hata shemeji zake huzima simu. Mchana ule, kwenye benchi la kahawa la Mama Koyasse kule mtaa wa Ouango, kando ya mto, redio ilikuwa imetoka kusoma amri ya kumwondoa Bwana Yamokpa, mkuu wa kupambana na rushwa. Sababu haikutajwa. Breki, dereva wake tangu enzi za ubunge, aliyekaa hapo benchini, aliogopa, tena sana, maana yeye ndiye aliyejua bosi alikwenda kwa nani na alitoka na nini.

— Hajafukuzwa huyo, anapandishwa! alisema Jenerali, fundi cherehani asiyewahi kushika bunduki. Alikuwa mbunge, wakamtoa, akarudi waziri. Wakamtoa, akakimbilia Kameruni, akarudi mpambana na rushwa. Kesho waziri mkuu. Mpanda ngazi hushuka!

— Si methali yenyewe inasema kashuka, we bwege! alidakia Askofu, aliyepewa jina hilo kwa kusinzia kanisani. Kakamata almasi za wakubwa, kazimeza.

— Zote?

— Unadhani kwa nini hatabasamu?

— Basi niwaambie, Jenerali akanong'ona. Yamokpa mwenyewe alibaki Kameruni. Aliyerudi ni pacha wake. Breki, sema!

— Mimi naangalia barabara. Ya kiti cha nyuma siyajui.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Askofu akasema.

— Na aliyelisikia, huvunjika nini? Breki akauliza.

Wakacheka. Breki hakucheka.

— Vuka mto utoke nchi hii, uende kwa dada yako, mwanangu, Mama Koyasse akamwambia kwa sauti ya chini.

— Nikikimbia watasema niliiba naye, mama.

— Na ukibaki?

Kabla hajajibu, akaja mwanamume mgeni, shati limenyooka, viatu vinang'aa, akawaamkia kwa adabu.

— Samahani, wazee. Dereva wa Bwana Yamokpa anakaa nyumba ipi?

Benchi lililojua hadi yaliyomo tumboni mwa mkuu halikujua nyumba ya dereva. Jenerali akachungulia kikombe chake. Askofu akafumba macho. Breki aliona jinsi wanavyompenda, na hofu ikamzidi.

— Basi nitamsubiri hapa hapa, mgeni akasema. Mama, nipe kahawa. Kaka, hebu sogea kidogo.

Breki akasogea.