Harufu ya Mbarika: Miaka Arobaini ya Mzee Gichovi

Leo Ijumaa, tarehe 31 Julai 2015, Mzee Naftaly Gichovi anavua ovaroli yake baada ya kuhudumu kwa miaka arobaini katika Karakana ya Tujikaze hapa mjini Meru. Aliingia akiwa kijana mwembamba mwenye ndevu za kuhesabika. Anatoka akiwa fundi mkuu, babu wa wajukuu, na mtu pekee tunayemjua anayeweza kusimama nyuma ya gari, akavuta pumzi mara moja, akakueleza linaumwa wapi. Kuhusu pua hiyo tutasema mengi, kwa hivyo mwenye njaa atuvumilie; pilau haiendi popote.

Mzee Gichovi ni mtoto wa Gachoka, kule Mbeere, ambako jua halina mzaha. Mama yake, marehemu Rwamba, alikuwa akikaanga mbegu za mbarika kwenye chungu, akazitwanga, akazichemsha, kisha akaengua mafuta yaliyoelea juu. Yalikuwa mafuta ya kupaka watoto, ya kulainisha ngozi na ya kuziba nyufa za visigino. Harufu yake ilikuwa nzito na tamu, kama sukari inayoanza kuungua, na Gichovi alipakwa mafuta hayo mpaka akang'aa kama sufuria mpya.

Pasaka moja, miaka michache baada ya Uhuru, alikuwa akichunga mbuzi kando ya barabara wakati magari ya rali yalipopita na vumbi lake. La mwisho lilikuwa gari dogo lililotoa moshi wa samawati. Moshi ulipomfikia, Gichovi alisimama kama aliyeitwa jina. Ilikuwa harufu ya jikoni kwao, lakini sasa ilikuwa inakimbia kuliko kitu chochote alichowahi kuona. Alitimua mbio hadi nyumbani kumwambia mama yake kwamba kuna mzungu anatia mafuta yao ya mbarika kwenye gari. Mama Rwamba alimwambia aache uongo, kisha akamuuliza mbuzi wako wapi. Mbuzi walikuwa kwenye pojo za jirani, na yaliyofuata Mzee husimulia akiwa amesimama, kwa kuwa anasema bado hawezi kuyasimulia ameketi.

Lakini hakuwa mwongo. Siku zile madereva wengi wa mashindano walipenda mafuta ya injini yaliyokamuliwa kutoka kwa mbarika, kwa sababu yanavumilia moto. Yalikuja kwa makopo kutoka ng'ambo, na baadhi ya injini ndogo ziliyachoma pamoja na petroli, ndiyo maana moshi wake ulinukia vile. Gichovi alilijua hilo alipofika Tujikaze mwaka wa 1975 kutafuta kazi. Wenzake waliulizwa kwa nini wanataka kazi wakataja wazazi na wadogo zao. Yeye alivuta pumzi, akatazama gari lililokuwa limeinuliwa pale ndani, akasema: "Mimi nataka tu kufanya kazi mahali panatoa hii harufu." Tajiri akamwandika siku hiyo hiyo.

Gari lile lilikuwa la Mwalimu Ishmael Kinoti, aliyefundisha hesabu siku za wiki na kukimbiza gari sikukuu zikifika. Kwa miaka kadhaa, Gichovi ndiye aliyekuwa fundi wake. Mwalimu hakushinda hata mara moja, na kwa hilo Mzee Gichovi mpaka leo huilaumu mvua. Mbio zao ziliisha siku gari lilipoteleza likaingia katika kahawa ya baba mkwe wa Mwalimu na kupumzika humo, na mke wa Mwalimu akatoa uamuzi ambao haukuwa na rufaa. Gari liliuzwa. Mwalimu alimwachia fundi wake kopo moja la mwisho la yale mafuta, likiwa halijafunguliwa.

Kopo hilo ndilo lililoleta desturi yetu. Kila Alhamisi kabla ya Pasaka, kazi ilisimama saa ya chai, Mzee akalishusha kopo kutoka rafu ya juu, akapasha moto kijiko kimoja cha mafuta juu ya stovu ndogo, na sote tukapita mmoja mmoja kunusa. Mkurugenzi alipita, mpishi alipita, na wateja waliokuwepo walipita wakidhani ni maombi. Mimi nilipoajiriwa stoo niliona ni upuuzi mtupu. Mwaka wa pili nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Harufu ile ilikuwa ikikufanya utake kwenda mahali, hata kama huna mahali pa kwenda.

Kazi yake sitaimaliza hapa. Kuna lori la ndizi kutoka Mitunguu lililokuwa likichemka kila likipanda kuja Meru. Mafundi watatu walibadilisha kila kitu isipokuwa dereva. Mzee alikaribia boneti, akanusa, akaomba ndizi. Dereva alikuwa ameshindilia gunia la ndizi mbichi mbele ya rejeta ya kupozea injini ziive kwa joto, apate za kuuza njiani! Kuna pia madereva wa miraa wa Mikinduri, watu ambao hata kusimama hufanya kwa haraka. Aliwalazimisha kunywa chai injini ikipoa, wakalalamika, wakarudi kwake kila mara. Alikuwa akiwaambia: "Miraa yako haijawahi kulala hapa kwangu. Lakini hata wewe hujawahi kulala kwa mtaro, ama?" Mafundi aliowafunza wamejaa kuanzia Maua hadi Embu, na ukiwaona wakipiga magoti nyuma ya gari kabla ya kushika spana, ujue walipita kwake.

Sasa tuje kwenye geti. Geti letu lilikuwa na mlio wa kuamsha wafu, na bawabu wetu, Bwana Thuranira, ndiye aliyeishi nao mchana kutwa. Pasaka ya mwaka juzi, baada ya kunusa, kopo liliachwa kwenye meza ya kazi. Thuranira, kwa moyo safi kabisa, alilichukua akazimiminia bawaba zote za geti, juu na chini, mpaka tone la mwisho. Geti likanyamaza. Alikuja kutuonyesha akilifungua kwa kidole kimoja, akitabasamu.

Mzee Gichovi hakumgombeza. Alilichukua kopo, akaligeuza juu chini, akalirudisha rafuni mahali pake. Kwa siku kadhaa alihamishia kiti chake cha chakula cha mchana getini, kwa sababu jua la saa saba lilipozichoma zile bawaba, harufu ilitoka kidogo. Wateja walishangaa kumkuta fundi mkuu amelala na geti shavuni. Halafu mvua za Aprili zikaja, zikaosha kila kitu. Tangu hapo hatujawa na ile Alhamisi yetu. Tumeulizia mafuta yale Nairobi na hata Mombasa, tukaambiwa ya siku hizi hayana mbarika, na kweli hayanuki kitu.

Mwezi wa Mei, barua ya kustaafu ilipofika, tulimuuliza Mzee angependa zawadi gani. Tulikuwa tumefikiria ng'ombe. Akasema: "Hakuna kitu nataka. Nilitaka tu ninuse mara moja kabla sijaenda. Basi. Sasa nitaenda nyumbani kama mtu hajawahi fanya kazi hapa." Alicheka alipomaliza, lakini sisi hatukucheka. Mtu aliyetupa miaka arobaini alikuwa anaomba pumzi moja, na hatukuwa nayo.

Ndipo fundi wetu Ngari alipofikiria Mbuzi. Kwa wageni, Mbuzi ni pikipiki kuukuu tuliyokuwa tukitumia kufuata spea, yenye injini inayochoma mafuta pamoja na petroli, kama lile gari la Mwalimu. Inalia kama jina lake. Tulisubiri Mzee atumwe Embu kuangalia trekta, tukanunua mafuta ya mbarika kwa duka la dawa, tukachanganya, Ngari akapiga kiki. Moshi ulitoka wa kutosha, ila ulinuka hospitali. Thuranira, aliyekuwa amesali asubuhi hiyo kabla ya kuja kazini, aliondoka akaenda kusimama peke yake nyuma ya stoo.

Basi tukafunga safari hadi Gachoka kwa Cucu Igoki, yaani nyanya Igoki, dada mkubwa wa Mzee. Tulimkuta akipepeta pojo. Alipoonja kwa kidole mafuta yetu ya duka alicheka mpaka akashika mgongo. "Hii imekamuliwa ikiwa mbichi, watoto wangu. Harufu inakujanga na moto. Na nyinyi mnasema ni mafundi?" Alisema hajatengeneza mafuta hayo tangu mama yao alipofariki, kwa kuwa siku hizi kila mtu anajipaka ya duka, lakini mbarika bado imesimama pale uani, haijaambiwa kwamba haihitajiki. Tulichuma pamoja naye. Tulikaanga, tukatwanga, tukachemsha, na Ngari akaungua kidole. Mafuta yalipoelea, Cucu Igoki aliinama juu ya chungu, akanusa. Alipoinua uso alisema tu kwamba mama yao alikuwa akiyaengua kwa kijiko kikubwa kuliko hicho.

Jaribio la pili tulimwita Mama Alice, mke wa Mzee, awe hakimu. Nani mwingine angejua? Huyu ndiye aliyefua zile ovaroli na kuzikataza kulala ndani ya nyumba. Ngari alipiga kiki. Mbuzi alikohoa, akakohoa tena, akalia. Moshi wa samawati ukaja polepole kupitia uani, na Mama Alice akaweka mkoba chini. "Ndiyo hii," akasema. "Hii ndiyo ilikuwa inafika nyumbani mbele yake. Nikisikia hii naweka chai kwa moto." Kisha akajifuta macho kwa leso na kulaumu moshi. Thuranira alipiga makofi mpaka wateja wakaja kuona ni nani ameoa.

Mzee Gichovi, nakala yako ya karatasi hii tumeificha mpaka dakika hii, na sasa unajua kwa nini. Kwenye meza mbele yako, chini ya kile kitambaa, kuna kopo la Mwalimu Kinoti. Inua uone: ni zito. Cucu Igoki amelijaza mwenyewe, na anasema ukilimaliza unajua mbarika iko wapi na mikono unayo. Ulituambia ungeenda nyumbani kama mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hapa. Hatukukubali. Asante kwa magari, asante kwa chai ya lazima, asante kwa kila gari lililoteremka salama kwa sababu uliinama ukanusa kwanza. Nenda Gachoka na afya njema, Mama Alice akiwa kando yako na wajukuu wakikukimbilia, na kila Alhamisi ya kabla ya Pasaka urudi, kwa kuwa foleni bado ipo na wewe utapita mbele.

Thuranira amesimama dirishani, na amepewa kazi moja tu, kulifungua. Ngari yuko nje, mguu kwenye kiki, anasubiri anayetusomea karatasi hii afike hapa.

Funga macho, Mzee. Vuta pumzi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Tujikaze,
Cicily Karimi, stoo