Kocha Verlin Hostetter: Miaka Thelathini na Minne na Warefu Wasiotakiwa

Jumatatu, tarehe 30 Juni, Kocha Msaidizi Verlin Hostetter alirudisha funguo za ukumbi wa michezo wa Chuo cha Brandywell baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Amefanya kazi chini ya makocha wakuu wanne. Yeye mwenyewe aliombwa mara mbili kuwa kocha mkuu, na mara zote mbili alikataa, akisema kocha mkuu hupoteza muda mwingi kuongea na watu wenye urefu wa kawaida.

Nimeombwa na ofisi ya Mkurugenzi wa Michezo niandike kwamba Kocha Verlin ameomba kupumzika. Siwezi kuandika hivyo, kwa sababu hakuomba. Nafasi yake imefutwa. Jarida hili la wafanyakazi nimelihariri kwa miaka kumi na miwili mbali na kazi yangu ya kutunza vifaa vya timu, bila kuongezwa chochote, na nikiambiwa niliache, nitaliacha. Lakini toleo hili limeshakwenda kuchapwa.

Verlin alizaliwa Dubois, hapa hapa jimboni Indiana, mwana wa fundi wa kuezeka nyumba. Alicheza mpira wa kikapu chuoni kwa miaka minne akiwa na futi sita na inchi nane, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa mbovu kwa miaka mitatu na nusu. Alichokuja kukifahamu katika ile nusu iliyobaki ndicho alichokifundisha maisha yake yote. Alipoajiriwa Brandywell alipewa kazi mbili: kutafuta vijana warefu ambao vyuo vikubwa vimewaruka, na kuwafanya wafae.

Vyuo vikubwa huwachukua warefu walioiva. Sisi tulibakiwa na wale waliorefuka ghafla wakiwa na miaka kumi na sita, wenye magoti yanayouma na mikono isiyojua inaishia wapi. Verlin aliwaleta thelathini na mmoja. Wa kwanza alikuwa mpiga tarumbeta. Mwingine alikuwa kipa wa mpira wa magongo wa barafuni kutoka Manitoba, Kanada, na mwaka mzima alikuwa akiudaka mpira kisha anaulalia. Viatu vyao vyote nimeviagiza mimi, na vitanda vyao vya bweni Verlin alivirefusha kwa mkono wake, kwa mbao na misumari, baada ya chuo kumjibu kwamba vitanda ni vya kipimo kimoja.

Hakuangalia urefu. Urefu, alisema, hata kipofu anauona. Aliangalia miguu. Ndivyo alivyompata Ansel Kuhlman.

Ilikuwa mwezi wa saba, kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti. Verlin alikuwa amekwenda kula nyama ya nguruwe ya kukaanga, ile pana kuliko sahani yake, akapita karibu na mabanda ya nguruwe. Akaona kijana wa futi saba kasoro inchi moja amebeba nguruwe mdogo kila kwapa, anavuka uzio mmoja baada ya mwingine bila kusimama na bila kugusa ubao hata mmoja. Verlin aliiacha nyama yake juu ya pipa na kumfuata. Kijana alipoona anafuatwa, alimwomba radhi. Hakujua kosa lake ni nini, lakini aliomba radhi.

Ansel alikuwa amekatwa kwenye timu ya shule yake akiwa mfupi, na aliporefuka hakurudi kuomba tena. Mama yake, Bi Roberta Kuhlman, aliendesha shamba pamoja na kaka yake, na hakuwa na imani na watu waliokuja kwake wamevaa mashati yenye nembo. Alimketisha Verlin jikoni na kumuuliza anataka kumfanya nini mwanawe.

Verlin alinihadithia jibu lake, na baadaye Bi Roberta alinihadithia vilevile, neno kwa neno.

"Mwaka wa kwanza watamcheka," alimwambia. "Mwaka wa pili watamcheka kidogo. Wa tatu, mama, sijui."

Bi Roberta alichukua kisu. "Muuza mashine za kukamulia aliniahidi zaidi ya hapo," alisema, "na mashine ikafa mwezi wa pili." Kisha akamkatia Verlin kipande cha pai. Asubuhi iliyofuata Ansel alitia saini.

Mambo yalikwenda kama alivyosema. Wiki ya kwanza ya mazoezi Ansel alipigwa na mpira puani mara mbili, na mara zote mbili alimwomba radhi aliyeurusha. Alikuwa na mikono mikubwa iliyoganda. Verlin alimtoa nje, kwenye maegesho ya magari, akaanza kumrushia mayai mabichi. Ukilidaka yai kwa mikono migumu linakupasukia, kwa hiyo mikono inalazimika kurudi nyuma kidogo, ipokee. Wiki ile yalipasuka mayai sitini na mawili. Najua idadi kwa sababu fulana nilizifua mimi. Wiki ya sita yalipasuka manne.

Lakini mechi si mayai. Msimu ule wote Ansel alifunga pointi nne. Aliingizwa dakika za mwisho tu, matokeo yakiwa yameshajulikana, na wanafunzi wetu wenyewe, jukwaani kwetu wenyewe, walihesabu kwa sauti kila mpira uliomponyoka. Moja! Mbili! Usiku waliofika tano alikuja kwenye stoo yangu, akakaa juu ya maboksi ya viatu, na kuniambia kwa upole kwamba anarudi nyumbani, nguruwe hawahesabu. Verlin alikuja akakaa naye. Nilisikia akimuuliza kama miguu inauma, na Ansel akisema haiumi. Basi, Verlin akasema, kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Mwezi wa nne Mkurugenzi wa Michezo, Bwana Prescott Lyle, aliitisha kikao cha msimu ujao. Mimi niliitwa kwa ajili ya jezi. Bwana Lyle alikuwa na michoro ukutani. Mchezo umebadilika, alieleza. Sasa ni kukimbia na kurusha kutoka mbali, na mtu mrefu anayesimama chini ya kikapu ni mzigo. Kisha akatamka, kama mtu anayesoma orodha ya vyakula, kwamba ufadhili wa masomo wa Ansel Kuhlman hautaendelea.

Verlin hakupandisha sauti. Alimuuliza barua inaandikwa lini. Akaambiwa Ijumaa.

"Basi andika mbili," alisema. "Ya pili iandike jina langu."

"Kocha, usinitishe."

"Sikutishi, bwana. Nakupunguzia kazi ya wiki ijayo."

Kocha mkuu wetu wa wakati ule, Curtis Dabney, alitazama viatu vyake. Alisema hawezi kumpoteza Verlin, na kama bei ya Verlin ni yule kijana, basi kijana abaki mwaka mmoja. Bwana Lyle aliizima mashine ya michoro. Jezi hazikujadiliwa.

Kiangazi kile walifanya mazoezi asubuhi wiki kumi na moja mfululizo. Verlin alikuwa na miaka hamsini na sita na nyonga mbovu. Alivaa mto wa mabondia kifuani na kumkaba Ansel mwenyewe, akimsukuma, akimkanyaga, akimwita majina ambayo jarida hili haliyachapi. Tatizo halikuwa tena mikono. Tatizo lilikuwa kwamba Ansel, kila alipomgusa mtu, alirudi nyuma na kusema samahani. Maisha yake yote aliambiwa yeye ni mkubwa mno: kwenye mabasi, milangoni, kanisani kwenye picha ya kwaya. Alikuwa amejifunza kujikunja.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, Verlin alimsukuma mara moja zaidi ya ilivyostahili. Ansel aligeuka kuelekea kikapu, kiwiko kikapita, na Verlin akaanguka chali, ngozi imepasuka juu ya jicho. Mpira uliingia. Ansel alisimama, na safari hii hakusema kitu. Verlin, damu ikimtiririka hadi kidevuni, alicheka mpaka nikadhani ameumia kichwa.

"Leo, mwanangu," alisema akiwa sakafuni, "umeacha kuwaomba watu radhi kwa urefu wako."

Alishonwa nyuzi nne. Mimi niliosha sakafu.

Mwaka wa pili walimcheka kidogo. Mwaka wa tatu alikuwa kwenye kikosi cha kwanza, na katika nusu fainali ya ukanda wetu aliidaka mipira kumi na tisa iliyogonga chuma cha kikapu na kurudi, huku wale waliokuwa wakihesabu sasa wakiimba jina lake bila aibu yoyote. Fainali tulishindwa kwa pointi moja. Ansel alikuwa ametolewa kwa makosa matano dakika mbili kabla ya mwisho, na wapo waliosema, mnaona. Nayaandika yote kwa sababu Verlin hapendi hadithi zilizopigwa pasi. Mwaka wa nne tulichukua kombe la ukanda kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na sita, tukaenda mashindano ya taifa, na tukapigwa kwa pointi kumi na saba siku ya kwanza. Mji ulitupokea kwa magari ya zimamoto. Ansel sasa anacheza Lithuania, ambako, ameniandikia, milango ni mirefu.

Bwana Lyle alipiga picha na kombe. Picha iko kwenye korido. Verlin hayumo, wakati ule alikuwa mazoezini na kijana mwingine aliyekuwa hajui kuruka.

Mwaka huu michoro imerudi. Siku hizi, tunaambiwa, mchezaji aliyekwisha kuiva anachukuliwa kutoka chuo kingine kwa simu moja, na hakuna haja ya kumlipa mtu arushe mayai. Labda ni kweli kwa vyuo vyenye simu nzuri. Mimi ninachojua ni kwamba kila aliyeiva aliivishwa na mtu, mahali fulani, asubuhi na mapema, na kwamba kati ya wale thelathini na mmoja, ishirini na saba wana shahada. Mmoja ni daktari wa meno wa mjini hapa. Mnamfahamu kwa sababu anawatibu akiwa amepiga magoti.

Hafla ya kuaga ilifanyika Ijumaa, tarehe 27. Warefu kumi na wanane walikuja, mmoja akiendesha gari kwa muda wa saa kumi na nne. Bwana Lyle alimkabidhi Verlin saa ya ukutani na cheo kipya, Balozi wa Timu, pamoja na kiti cha mstari wa mbele maisha yake yote. Alimwomba aseme maneno machache kuhusu furaha yake kwa mwelekeo mpya wa chuo.

Verlin alisimama, akakishika kipaza sauti kwa mkono ambao, miaka hii yote ya mazoezi, umevunjika vidole vitatu kwa ajili yetu, na kuutazama ukumbi.

"Sijachoka," alisema. "Nimeondolewa. Si kitu kimoja, na sitaki wajukuu wangu wasikie kwamba ni kitu kimoja." Aligeukia meza. "Asanteni kwa keki. Ni nzuri."

Akaketi. Hakuna aliyejua kama inafaa kupiga makofi. Kisha wale kumi na wanane walisimama, na mkiwa hamjawahi kuona warefu kumi na wanane wakisimama kwa pamoja kwenye chumba kimoja, naweza kuwaambia kwamba waliokaa nyuma yao hawakumwona tena Bwana Lyle. Makofi yalidumu mpaka krimu ya keki ikaanza kulainika. Saa ya ukutani aliisahau mezani. Nimempelekea, akaniambia niitundike stoo.

Jumanne tarehe 1 Julai, siku moja baada ya kurudisha funguo, Kocha Verlin Hostetter alianza kazi katika Chuo cha Posey Fork, dakika arobaini kutoka hapa kwa gari. Wana ukumbi wenye paa linalovuja, na wana kijana mmoja wa futi saba ambaye mpaka mwaka jana alikuwa mpiga makasia. Nasikia hawezi kudaka hata kofia yake mwenyewe. Jana mwenye duka la vyakula la Posey Fork alinipigia simu kuuliza kama ni kweli kwamba chuo kinahitaji trei nane za mayai kwa wiki, au kuna mtu anamfanyia mzaha. Nilimwambia atoe kumi.

Ratiba ya msimu imetoka. Jumamosi, tarehe 8 Novemba, Brandywell inacheza na Posey Fork, hapa nyumbani. Mimi nitakaa upande wetu, kwa kuwa ndiko ninakofanya kazi, na jezi zitakuwa zimefuliwa na kunyooshwa kama kawaida. Nitakachokipigia makofi ni shauri langu.

Kocha Verlin, kwa niaba ya stoo, ya wafua fulana, ya maseremala wa vitanda na ya kila mtu aliyewahi kugonga kichwa kwenye mlango wa chuo hiki, asante. Uishi vyema, ule vizuri, nyonga ipone. Na tukikutana Novemba, usituonee huruma.

Wilma Dietz
Mtunza Vifaa na Mhariri